Siku Nne Zinatosha: Jibu kwa Wanaodai Homa Bay na Migori Hazizungukiki

Mpwa wangu anafanya kazi Nairobi. Alipopewa siku nne za likizo alinipigia simu. "Mjomba, nataka kuanzia ziwani Homa Bay nimalizie Migori, kwa matatu na feri, kisha nirudi kazini. Inawezekana?" Kabla sijamjibu akanisomea majibu aliyokwisha kupewa na wenzake ofisini. Reli haifiki huko. Siku nne hazitoshi. Lazima urudi njia uliyokwenda nayo. Matatu na boti hazina saa. Safiri usiku ili uokoe mchana. Ukifika, ona kila kitu, maana hutarudi tena. Na mmoja akamalizia kwamba hata hivyo hakuna cha kuona huko ila samaki.

Mimi nimezaliwa upande huu wa ziwa, na madai haya nimeyasikia tangu ujana wangu. Yananiuma, kwa sababu yanawafanya Wakenya wenzetu wapite Kisii wakielekea kwingine bila hata kugeuza shingo, na yanawanyima kazi waongoza wageni, wenye boti na akina mama wenye vyumba vya kulala. Nayajibu moja baada ya jingine, kama nilivyomjibu mpwa wangu.

Dai la kwanza: "Reli haifiki huko, kwa hiyo safari haiungani"

Ni kweli reli haifiki. Reli ya Uganda iligusa ziwa tarehe 20 Desemba 1901 mahali palipoitwa Port Florence, ambapo leo ni Kisumu, na tangu siku hiyo haikupata kuteremka kusini hadi Homa Bay wala Migori. Lakini ukweli huo hauwezi kubeba mzigo wanaoutwika. Reli ile haikujengwa iishie kwenye maji. Ilijengwa ipokewe na meli. SS William Mackinnon ililetwa kutoka Uskoti vipande vipande, ikaungwa Kisumu na kushushwa majini mwaka 1900, kabla treni ya kwanza haijafika. Baada yake zilifuata meli kubwa zaidi, zikawa zinatia nanga Asembo, Kendu Bay na Homa Bay. Kwa mtu wa Nyanza Kusini wa enzi hizo, safari ya treni ilianzia gatini.

Meli zile zimeondoka, lakini mnyororo haujakatika. Treni ya abiria kati ya Nairobi na Kisumu ilirudi Desemba 2021 baada ya kukosekana kwa miaka, kwenye reli ileile ya zamani. Ilirudi na utaratibu wa kuondoka Nairobi Ijumaa jioni na kuwafikisha abiria Kisumu Jumamosi asubuhi. Ratiba yake hubadilika, hivyo iulizie wiki ileile ya safari yako, wala usitegemee ulichoambiwa mwaka jana. Isipokuwepo, basi la usiku litakufikisha Kisumu saa hizohizo. Ukishafika Kisumu, panda matatu ya Luanda Kotieno, kupitia Asembo na Ndori. Luanda Kotieno kuna feri inayovuka mdomo wa ghuba ya Winam hadi Mbita, watu na magari pamoja. Treni, matatu, feri: maungio matatu, na kabla jua halijageuka upo Kaunti ya Homa Bay. Wasafiri wa mwaka 1910 walifanya vivyo hivyo, tofauti ni chombo tu.

Dai la pili: "Siku nne hazitoshi"

Anayesema hivi huwa ameandika orodha ya miji: Kisumu, Kendu Bay, Homa Bay, Mbita, Ndhiwa, Rongo, Awendo, Migori, Isebania. Kisha amegawanya siku nne kwa miji tisa, akaona haigawanyiki. Kosa halimo katika siku. Limo katika orodha.

Kosa hilohilo huwaponza wanaokwenda Ulaya kuzunguka kwa treni. Mtu ana siku kumi, naye anaandika Paris, Amsterdam, Berlin, Vienna na Rome, kwa kuwa tiketi moja ya Eurail humruhusu kupanda treni za nchi nyingi. Anasoma kwamba kutoka Paris hadi Amsterdam ni saa tatu na kidogo, anajiambia saa tatu si kitu. Hakuhesabu kufunga mizigo, kutoka hotelini, kuwahi stesheni, kutafuta chumba upande wa pili na kungoja kifunguliwe. Nusu ya siku imekwisha kabla hajaona mfereji mmoja wa Amsterdam. Miji mitano ni kuhama mara nne, na kuhama mara nne ni siku mbili nzima zilizoliwa na mabegi. Wazoefu wa huko hufanya kinyume chake: huchagua mji wa kulala, hutoka asubuhi mikono mitupu, hurudi jioni kitanda kilekile.

Kanuni hiyo inafaa hata zaidi kwetu, ambako kuhama kunategemea gari lijae. Nilimwambia mpwa wangu: usihesabu miji, hesabu vitanda. Siku nne zinataka vitanda viwili tu. Kitanda cha kwanza ni Mbita, usiku wa Jumamosi na wa Jumapili. Cha pili ni Migori mjini, usiku wa Jumatatu. Jumanne jioni unapanda basi la Nairobi. Miji mingine yote utaipita njiani au utaitembelea na kurudi, na hakuna itakayokudai ufungue begi.

Dai la tatu: "Utakwenda na kurudi kwa njia moja"

Hili linatoka kwa watu wanaoijua ramani ya Nairobi na Mombasa, ambako kwenda na kurudi ni mstari mmoja. Ramani yetu ni duara. Upande wa kaskazini unaingia kwa maji, kutoka Luanda Kotieno hadi Mbita. Kutoka Mbita kuna lami hadi Homa Bay mjini, kama kilomita 40. Kutoka Homa Bay unapanda hadi Rodi Kopany, unashika njia ya Rongo, na ukifika Rongo umeingia barabara kuu itokayo Kisii kuelekea mpaka wa Tanzania. Hapo magari ni mengi kuliko abiria. Unapita Awendo, na mashamba ya miwa ya kiwanda cha sukari cha Sony kilichoanza kusaga mwaka 1979 yanakusindikiza pande zote mbili, kisha Migori.

Kutoka Migori huna sababu yoyote ya kurudi Kisumu. Mabasi ya Nairobi hupitia Kisii na Narok. Na kama unaelekea Tanzania, mpaka wa Isebania na Sirari uko karibu sana, na ng'ambo ya pili kuna magari ya Tarime, Musoma na Mwanza. Ingia kwa mlango mmoja utoke kwa mwingine. Ukirudi njia uliyokwenda nayo umelipa nauli mara mbili kuona kitu kimoja, na umejipunja karibu siku nzima kati ya zile nne.

Dai la nne: "Matatu na boti hazina saa, kwa hiyo huwezi kupanga"

Hili ndilo dai lenye nguvu kuliko yote, kwa hiyo nalijibu taratibu.

Matatu zetu hazina saa iliyoandikwa ukutani. Zina kanuni. Gari huondoka likijaa, basi. Simama steji ya Homa Bay saa mbili asubuhi uone. Kondakta anapiga kiganja kwenye bodi la gari, "Rongo, Rongo, mbili twende!" Ukichungulia ndani unaona viti vitano vitupu. Lakini subiri. Mama anakuja na beseni la omena lililofungwa kwa leso, kijana na mfuko wa mbolea, mwalimu na mkoba wake, na katika muda mfupi gari limeondoka. Rudi steji hiyohiyo saa nane mchana na gari lilelile litakaa mpaka abiria waanze kushuka kwa hasira. Asubuhi watu wote wanakwenda mahali, mchana hawaendi. Kwa hiyo saa ya kusafiri unaijua hata kama hakuna aliyeiandika: ni asubuhi, kati ya saa kumi na mbili na saa nne. Mchana ni wa kutembea na kuona.

Kanuni ya pili ni siku ya soko. Kila kituo kina siku yake, na mwenyeji wa nyumba unayolala atakutajia bila kufikiri. Siku hiyo magari ya kwenda huko hujaa upesi alfajiri, na ya kurudi hujaa upesi alasiri. Ukipanga safari yako iende na mkondo huo, hutasubiri. Ukienda kinyume chake, utakaa steji.

Kanuni ya tatu ni Sabato. Mwaka 1906 wamisionari Waadventista walifungua kituo Gendia, karibu na Kendu Bay, na kanisa lao likaota mizizi mirefu kote Homa Bay na Migori. Hadi leo, mahali pengi huku Jumamosi ni siku ya ibada: maduka mengine hufungwa, na mwenye boti uliyemtegemea anaweza kuwa kwenye kwaya. Anayekuja na desturi ya Nairobi hudhani Jumapili ndiyo siku ya kulala. Panga ratiba ukijua hivyo. Jumamosi itumie kufika, Jumapili itumie ziwani.

Boti nazo zina saa, ila saa yao ni upepo. Jua likipanda, nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hewa juu yake hupanda, na ile ya ziwani huja kujaza nafasi. Ndiyo maana asubuhi ziwa hulala kama mkeka, na mchana mawimbi huinuka. Wavuvi wa omena, wanaokesha majini na taa zao, hurudi pwani alfajiri, na ukisimama ufukweni Mbita saa kumi na mbili na nusu utaona akina mama wakimwaga omena kwenye nyavu zilizotandazwa chini, fedha tupu inayometa hadi jua likaushe. Boti za abiria za kwenda Mfangano panda saa hizo. Dai jaketi la kuokolea maisha kabla ya kukaa, na likikosekana shuka ungoje boti nyingine. Ziwa hili halijui mgeni wala mwenyeji.

Naam, kuna siku mpango huvunjika. Magugu maji huziba gati, injini hukataa, mvua hunyesha. Mimi mwenyewe niliwahi kufika Luanda Kotieno jioni nikaiona feri ya mwisho ikiwa imekwisha kuacha nchi kavu, nikalala upande usio wangu. Nilichojifunza ni kwamba kila ungio la mwisho la siku lazima liwe na akiba: usipange kuvuka na feri ya mwisho, vuka na ile inayoitangulia. Na kila ungio liwe na mbadala. Feri isipovuka, barabara ya Kisumu, Katito, Kendu Bay hadi Homa Bay ipo, na utakachokosa majini utakipata njiani. Karibu na Kendu Bay kuna Simbi Nyaima, ziwa dogo la magadi lililojaa kwenye shimo la volkano, ambalo jina lake kwa Dholuo lina maana ya kijiji kilichozama. Wazee husimulia kwamba bibi kizee alifika usiku wa sherehe akaomba chakula na mahali pa kulala, akanyimwa, na kijiji kikamezwa na maji. Pembeni yake kuna Kanyadhiang', alikozaliwa baba yake Barack Obama. Hiyo si siku iliyopotea.

Dai la tano: "Safiri usiku, uokoe mchana"

Usiku mmoja wa barabarani nauunga mkono: ule wa kutoka Nairobi, au ule wa kurudi. Njia ni ndefu, treni au basi ni kubwa, na unafika asubuhi saa ambazo matatu zimeanza kujaa. Lakini kuna wanaotaka kuutumia ujanja huohuo ndani ya kaunti: kutoka Mbita jioni ili walale Migori, au kuvuka ziwa giza. Hao nawapinga waziwazi.

Kwanza, hawaokoi kitu. Kutoka Mbita hadi Migori ni matatu mbili au tatu, na jioni kila moja itachelewa kujaa, hivyo safari ya saa tatu za asubuhi itakula saa sita za usiku, na utafika mjini milango imefungwa. Pili, sehemu kubwa ya uzuri wa huku iko njiani: kilima cha Asego kilichochongoka kama kichuguu juu ya mji wa Homa Bay, bonde la Lambwe, ziwa likitokea na kupotea kila kona. Ukipita giza umelipa nauli ya kuangalia taa za magari. Tatu, pikipiki na Probox zilizojaza watu na mizigo si za kupandwa usiku kwenye barabara zenye ng'ombe na baiskeli zisizo na taa. Uhai wako una thamani kuliko nusu siku ya likizo.

Dai la sita: "Ukishafika, ona kila kitu"

Orodha ya vya kuona ni ndefu kweli, na ndiyo sababu lazima ikatwe. Nitasema waziwazi ninavyokata.

Migingo naiacha. Kisiwa hicho kidogo cha mwamba, kilichoezekwa mabati ukingo hadi ukingo, kimevuta macho ya dunia tangu Kenya na Uganda zilipogombea umiliki wake karibu mwaka 2009. Lakini ni safari ndefu ya boti kutoka Muhuru Bay au Sori, ni makazi ya wavuvi walio kazini, na askari wa nchi mbili wana neno pale. Mwenye siku nne hana nafasi yake.

Ruma naiweka kwa wenye gari. Mbuga hii ya kilomita 120 za mraba, iliyopandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1983, ndipo mahali pa mwisho nchini walipobaki korongo, wale swala wakubwa wenye pembe zilizopinda nyuma na uso wa rangi mbili. Hakuna matatu inayoingia getini. Mkiwa watu wanne mnaweza kuchanga mkakodi gari Homa Bay na kuingia alfajiri. Ukiwa peke yako, iache bila kujilaumu.

Mfangano na Rusinga usiziache. Rusinga imeunganishwa na Mbita kwa barabara, kwa hiyo ni mwendo wa bodaboda. Huko amezikwa Tom Mboya, aliyepigwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969 akiwa na miaka 38, mwanasiasa aliyepigania ndege zilizowapeleka vijana wetu kusoma Marekani. Kisiwa hichohicho ndiko Mary Leakey alikookota mwaka 1948 fuvu la nyani wa kale aliyeitwa Proconsul, mwenye umri wa takriban miaka milioni 18. Mambo hayo mawili yanaweza kukaa katika alasiri moja. Mfangano inataka siku nzima: boti asubuhi, kupanda mlima hadi kwenye michoro ya mwambani ya Kwitone, duara ndani ya duara kwa rangi nyekundu na nyeupe, iliyoachwa na watu walioishi hapo kabla ya Waluo na kabla ya Wasuba. Kuna jumba la makumbusho la jamii ya Abasuba, na mwongozaji mwenyeji atakueleza kwa nini lugha ya Olusuba inazungumzwa na wazee kuliko watoto. Mlipe vizuri. Maarifa hayo hayako kwenye simu yako.

Dai la saba: "Hakuna cha kuona huko ila samaki"

Nimeliacha hili mwisho kwa sababu ndilo linaloniudhi zaidi, na kwa sababu jibu lake linasimama juu ya mawe.

Kilomita 46 kaskazini-magharibi mwa Migori mjini ipo Thimlich Ohinga. Kwa Dholuo, thim ni msitu na lich ni kitisho. Ohinga ni boma au ngome. Ni kuta za mawe zilizojengwa, kwa makadirio ya wataalamu, katika karne ya 16, bila saruji, bila chokaa, bila hata udongo wa kushikanisha. Mwaka 1981 serikali iliitangaza kuwa mnara wa kitaifa, na mwaka 2018 UNESCO ikaiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Orodha hiyohiyo ina Lamu, Fort Jesus na Mlima Kenya. Kila mtoto wa shule anaitaja Fort Jesus. Ni wangapi wamewahi kusikia Thimlich?

Nenda asubuhi ya Jumanne. Kodi gari au pikipiki imara Migori, kubaliana bei ya kwenda, kungoja na kurudi kabla ya kupanda, na beba maji. Ukifika, mlango wa boma kubwa liitwalo Kochieng utakulazimisha kuinama. Umefanywa mfupi makusudi. Adui aliyeingia alitanguliza kichwa, na waliokuwa ndani walikuwa wamesimama wima. Gusa ukuta. Mahali pengine una urefu unaozidi mita 4, na unene ambao mtu mzima hawezi kuukumbatia. Uchunguze karibu zaidi na utaona ulivyofanya kazi: mawe makubwa yamepangwa nje na ndani kama mistari miwili ya watu waliopeana mgongo, na katikati mmejazwa mawe madogo yanayofungamanisha pande zote. Hakuna jiwe lililochongwa. Kila moja lilichaguliwa kwa umbo lake, likajaribiwa, likageuzwa, likawekwa panapolikubali. Mtu aliyejenga hivyo alikuwa fundi, na aliyemfundisha alikuwa fundi pia. Ndani utaonyeshwa zilipokuwa nyumba, mazizi ya ng'ombe na mabaki ya ufuaji chuma, chini ya miti mirefu ya jamii ya mnyaa inayoinua matawi kama kinara cha mishumaa.

Na Thimlich haiko peke yake. Wachunguzi wamehesabu maboma ya namna hii zaidi ya 500 katika Nyanza Kusini, na Thimlich ndilo kubwa na lililohifadhika kuliko yote. Jamii moja ilijenga, nyingine ikaja ikakaa na kukarabati, mpaka katikati ya karne ya 20. Ufundi ule ulipita kutoka mikono ya watu wa lugha moja hadi mikono ya watu wa lugha nyingine bila kupotea.

Ukitaka kurudi nyuma zaidi, rasi ya Homa iko Kaunti ya Homa Bay. Huko Nyayanga wataalamu walifukua zana za mawe pamoja na mifupa ya viboko waliochinjwa, na mwaka 2023 wakatangaza katika jarida la Science kwamba zina umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3. Ni miongoni mwa zana za zamani zaidi za aina yake zilizopatikana duniani. Ardhi ambayo watu wanasema haina cha kuona ilikuwa na mafundi kabla binadamu wa leo hajatokea.

Samaki nao ninawatetea. Ngege aliyetoka ziwani asubuhi, akapikwa mzima kwa nyanya na kitunguu, akaletwa na ugali wa mtama, ni sababu tosha ya kukatiza safari mchana na kukaa kitako. Ila usiseme ni yeye tu.

Neno kwako unayepanga

Nikikusanya majibu yote saba, yanarudi kwenye jambo moja. Safari ya siku chache huharibiwa na orodha ndefu ya miji kuliko inavyoharibiwa na uchache wa siku. Chagua vitanda viwili. Ingia kwa maji, toka kwa barabara. Safiri asubuhi, tembea mchana, lala mapema. Kila ungio liwe na akiba na mbadala. Kata bila huruma usichoweza kukipa muda wake, na ulichokibakisha kipe siku nzima. Thibitisha treni na feri wiki ileile. Usiulize wasiowahi kufika. Uliza mama mwenye nyumba ya wageni Mbita, uliza kondakta wa Rongo, uliza mlinzi wa Thimlich. Hao ndio ratiba yetu.

Tarehe 1 Juni 2025 taifa zima lilielekeza macho Homa Bay kwa sherehe za Madaraka. Wageni walikuja siku moja wakaondoka. Nawaomba mrudi kwa siku nne, kwa nauli zenu wenyewe na kwa miguu yenu, mkae na watu.

Mpwa wangu aliondoka Nairobi Ijumaa jioni. Alilala Mbita, akalala Migori, akainama kwenye mlango wa Kochieng. Jumatano asubuhi alikuwa kazini.